Siku Nilipompeleka Bi Mkubwa Kupondwa

Mlionifuata wiki zilizopita mnajua nimefika wapi. Mume wangu katangulia mbele ya haki. Duka letu la misumari na saruji kalichukua shemeji yangu mchana kweupe, kwa maneno matamu na mashahidi wa kukodi. Nimebakiwa na nyumba ya vyumba vitatu, mwana mmoja, na gari kuukuu uani.

Leo ni zamu ya gari.

Msinicheke. Gari hilo lilikuwa mke mwenzangu.

Marehemu alilinunua kabla hajanioa. Siku niliyoingia nyumbani kwake alinishika mkono hadi uani, akaipiga boneti kikofi cha mahaba, akasema, "Huyu ndiye Bi Mkubwa. Msalimie." Nami, bibi harusi mzima, nikaliamkia bati.

Jina likakaa. Akichelewa kurudi, najua kalala kwa Bi Mkubwa, yaani limemfia njiani. Akinunua tairi kabla ya kuninunulia viatu, namuuliza, "Zamu yangu lini, bwana?" Tukicheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Mwenye kugawa zamu hayupo tena. Tumebaki wajane wawili, mmoja ndani, mmoja uani.

Alipokuwa kitandani, sauti imeshamkauka, aliniambia, "Usimwache Bi Mkubwa akalala moja kwa moja. Mwashe kila Ijumaa, betri isife." Hakusema nimwashe mpaka lini. Nami sikuuliza.

Kuendesha sijui. Kuwasha najua. Ila kiti cha usukani sijakikalia hata siku moja. Kile ni chake, kimerudishwa nyuma mpaka mwisho kwa ajili ya ile miguu yake mirefu. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi, nikishamaliza nyiradi zangu, naingia upande wa abiria, mahali pangu pa siku zote. Najinyoosha. Nazungusha ufunguo.

Anakohoa mara mbili. Ananyamaza, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Halafu anacheka.

Nakaa humo mpaka injini ipate joto, namhadithia habari za wiki. Nani kafa, nani kaolewa, bei ya sabuni. Sina mwingine wa kumhadithia.

Basi siku hiyo akaja mwanangu. Mtaani wanamwita Twiga, kwa miguu aliyoirithi kwa baba yake. Alikuwa dereva wa gari la tajiri: kutwa anabeba abiria, jioni anapeleka hesabu, kinachobaki ndicho chake. Mara nyingi hakibaki kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Mama nawe! Sijakaa hata."

"Kaa basi tukuone. Umekonda, watu watadhani nakunyima."

Hakukaa. Alisimama dirishani akitazama uani.

"Umesikia redioni?"

"Redioni nasikiliza mawaidha na matangazo ya vifo. Kuna nini kingine?"

"Serikali imetoa mpango. Ukipeleka gari chakavu linapondwa, nawe unapewa punguzo la kununulia gari jipya lisilotoa moshi. Punguzo kubwa, mama, si mchezo."

"Linapondwa vipi?"

Akatandaza viganja viwili hewani, akavikutanisha taratibu. "Hivi."

Nikashika kifua. "Unajua unayemsema hivyo ni mama yako mkubwa?"

Akacheka, mimi nikacheka. Kisha yeye akaacha kucheka.

"Mama mkubwa kazeeka. Anakunywa mafuta kama bomba lililopasuka, na spea zake hazipatikani. Ila kuna sharti moja: gari lifike yadi ya serikali likiwaka kwa injini yake. Hawataki mabati ya kuokota vichakani. Wenzangu wote mikweche yao imekufa. La kwetu tu ndilo linalowaka." Akanigeukia. "Unajua kwa nini linawaka?"

Nilijua. Ni zile Ijumaa zangu. Ningemwacha afe kama wengine walivyoacha ya kwao, asingekuja mtu kumtaka. Nilimtunza mpaka akafaa kuuawa.

"Siwezi," nikasema.

Ndipo akapiga magoti mbele ya kiti changu, mtu mzima yule, na bado kichwa chake kikawa usawa wa changu.

"Mama, nikipata gari langu sina tajiri. Sina hesabu ya jioni. Kila Ijumaa nitakuja kukuchukua, nikupeleke msikitini, tuswali, turudi, tukae wote mchana kutwa."

"Kila Ijumaa?"

"Wallahi."

"Usiape."

"Basi siapi. Nitakuja."

Enyi mnaosoma, gari lile lilikuwa haliniletei hata ndoo ya maji. Lakini Ijumaa na mtu aliye hai, mtu wa kunijibu! Nilijiona nimeshavaa.

Sikutaka kukurupuka. Nikaenda kwa fundi, jirani yetu mwenye gereji pale kona, nikamkuta chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Nikaizungumzia hiyo miguu.

"Fundi, huu mpango wa magari una faida au hauna?"

"Kwa nani, mama?" miguu ikaniuliza.

"Kwa mwanangu."

Akajiburuta nje, uso mweusi kwa oili.

"Nikuambie kweli. Daktari mwenye gari kuukuu aliyekuwa keshajipanga kununua jipya, kwake ni neema. Kapewa mteremko. Lakini mwanao? Ni kama kupewa tai ya bure ukaambiwa suti ujinunulie. Suti ataitoa wapi? Benki. Na benki haina Ijumaa, mama."

"Wewe unasema hivyo kwa kuwa mikweche ikiisha na kazi yako imeisha."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hilo nalo kweli. Mimi nakula kwa magonjwa yao. Usinisikilize."

Nilirudi nyumbani nusu nimemsikiliza. Na pale ukutani jirani yangu alikuwa akinisubiri, kashika shuka lenye madoa.

"Mama Twiga, moshi wa Ijumaa yako umeingia kwenye nguo zangu tena. Nguo si kitu, nafua. Lakini mtoto anakohoa usiku kucha, kifua chake hiki... Nakuheshimu, ndiyo maana nimenyamaza siku zote."

Alisema kwa upole, na upole wake ukaniumiza kuliko matusi. Kumbe mazungumzo yangu na Bi Mkubwa yalikuwa yakiishia kifuani mwa mtoto wa watu.

Nikaswali rakaa mbili, nikamwomba Mola anionyeshe. Sikuota ndoto, sikuona ishara. Niliamka nikiwa na kile kikohozi cha mtoto masikioni, na lile neno la mwanangu: nitakuja. Nikaona nimeshajibiwa.

Siku ya kumpeleka nilimwosha mwenyewe. Kuosha ni kazi ninayoijua. Wanawake wa mtaa huu wakifariki huniita mimi niwaoshe, na wengi wao nimewafumba macho kwa mkono huu. Nikaanza na ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, maji kidogo kidogo, bila kuzungumza. Mwanangu aliniona, akajifanya hakuniona.

Yadi ya serikali ilikuwa uwanja mkubwa wenye ukuta wa mabati. Magari yamepanga foleni kama wagonjwa. Kwa ndani, mtambo ulikuwa ukimponda mmoja aliyetangulia, na sauti yake sitaki kuwaeleza.

Mkaguzi alikuwa bwana wa makamo, fulana ya njano, chaki kaichomeka sikioni.

"Mwenye gari nani?"

"Mimi, baba."

"Liwashe tusikie."

"Mama haendeshi," mwanangu akadakia.

"Nimesema aendeshe? Nimesema awashe. Watu wanatuletea magari ya wizi, swichi yenyewe hawajui iko wapi."

Nikazunguka upande wa abiria. Mlango wa upande ule una tabia yake: kufungua au kufunga, unauinua kidogo, ndipo unakubali. Nikauinua, nikaingia, nikakaa mahali pangu.

"Mama, usukani uko huku!" mmoja akapaza sauti, foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mwacheni," mwingine akasema, "dereva wake malaika!"

Nikajinyoosha kukivuka kile kiti kitupu. Nikazungusha ufunguo. Bi Mkubwa akakohoa mara mbili. Akanyamaza, na watu nao wakanyamaza. Kisha akacheka.

Mkaguzi hakucheka. Alikitazama kiti kilivyorudishwa nyuma, akanitazama mimi nilivyokaa pembeni yake.

"Huyu ndiye mwenyewe," akasema taratibu. Akachukua chaki, akachora kwenye boneti alama ya kosa, kama ya mwalimu kwenye daftari. "Una kitu chako humu unataka kuchukua, mama?"

Nikatazama. Mazulia yalikuwa yamechakaa, kioo kina ufa. Nilichokitaka kilikuwa ile nafasi kati ya kiti na usukani, nafasi ya miguu ya mtu. Ningeibeba kwa mkono gani?

"Sina," nikasema. Nikashuka, nikatoka getini bila kugeuka.

Mwanangu hakunidanganya. Au niseme, Ijumaa ya kwanza hakunidanganya. Alikuja na gari jeupe linalong'aa, viti bado vimevikwa nailoni. Majirani wakatoka kutazama. Fundi akalizunguka mikono nyuma kama anayetafuta mchumba.

Nilikaa ndani nikisubiri tuondoke.

"Mbona huliwashi?"

"Limeshawaka, mama. Tangu zamani."

Sikusikia kitu. Mlango ulijifunga kwa kidole. Tulikwenda msikitini kama tunaobebwa na mto wa usingizi, na mwanangu alikuwa akitazama kila mara kama kuna anayetufuata. Nikadhani anaona fahari. Baada ya swala hakukaa mchana kutwa. Alikunywa maji akiwa amesimama, akaaga.

Ijumaa iliyofuata nilivaa mapema. Nikatoa kiti getini. Watu walipita kwenda kuswali, wakanisalimu, nikawajibu, "Namsubiri mwanangu." Walirudi kutoka kuswali, wakanikuta.

Nikampigia.

"Niko kazini, mama. Ijumaa ijayo."

Hiyo Ijumaa ijayo simu yake haikupatikana.

Jirani ndiye aliyekuja, uso umenawiri. "Mama Twiga, mtoto analala usiku kucha. Mungu akulipe!" Nikamshukuru Mungu kwa moyo wote, na sikumdanganya Mungu. Kisha nikaingia ndani, nikafunga mlango, na nyumba ikawa kimya namna ambayo sikuwa nimeijua hata mwaka aliofariki mume wangu.

Kwa mazoea nilishika ufunguo. Ule wa akiba ulikuwa bado kwenye msumari wake jikoni, hakuna aliyeukumbuka. Nikatoka uani nao. Palikuwa na doa la oili tu, na majani yameanza kuota pembeni. Nikasimama pale nikaanza, "Mke wa muuza mkaa kajifungua..." Nikasikia sauti yangu, nikaona haya. Ule ufunguo nikaufunga kwenye pindo la mtandio. Toka siku ile natembea nao.

Sasa sikilizeni yaliyonifika wiki hii.

Nilikuwa nimetoka hospitali kuchukua dawa zangu za presha. Jua la mchana, njia imejaa watu. Napita mkabala na wale wanaoziba matairi, nikasikia kitu nyuma ya kelele zote.

Kikohozi. Kikohozi. Kimya.

Nikasimama.

Kisha kicheko.

Gari likasogea kidogo kutoka kwenye jeki, likazimwa kando ya barabara. Mlango ukafungwa, dereva akaingia uchochoroni kwa mziba matairi kabla sijamwona uso. Gari lilikuwa la rangi ya udongo. La kwetu lilikuwa buluu. Nikajisemea, mama, dawa zimekulevya, nenda nyumbani.

Badala yake nikavuka barabara.

Kwenye boneti, chini ya ile rangi ya haraka haraka, alama ya kosa ilikuwa imechomoza kama kovu. Nikashika mlango wa abiria. Nikauinua kidogo. Ukakubali.

Niliketi, mlango nikauacha wazi. Harufu yake ilikuwa ileile. Mola wangu, hawakumponda!

Na hapo nikakitazama kiti cha dereva. Kimerudishwa nyuma mpaka mwisho. Hakijaguswa.

Mtu mfupi angekivuta mbele. Mtu wa kadiri naye angekivuta. Aliyekuwa akiliendesha gari hili hakuwa na haja ya kukigusa. Kilimtosha.

Nilijua. Moyo ukawa unakataa, lakini nilijua. Nikafungua pindo la mtandio, nikajinyoosha, nikazungusha ufunguo wangu. Bi Mkubwa akakohoa, akanyamaza, akacheka, barabara nzima ikasikia.

Nyayo zikaja mbio. Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa kwa nguvu.

"We nani unaye..." Sauti ikakatika. "Mama?"

"Salamu kwanza."

"Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba. Lile jeupe liko wapi?"

Akaketi. Miguu yake ikajaa ile nafasi. Kwa pembe ya jicho nilimwona marehemu, nikafumba macho.

"Halikuwa langu," akasema. "Nililiazima siku moja kwa rafiki, nisikuvunje moyo. Benki walinikataa, mama. Hati ya punguzo ninayo, imekunjwa mfukoni, lakini bila zile pesa nyingine hainunui hata taa. Tajiri naye nilishamuaga kwa mbwembwe, kaweka dereva mwingine. Nikaona Bi Mkubwa tumempoteza bure. Alikuwa bado yuko nyuma ya yadi, anangoja zamu. Nikazungumza na walinzi."

"Umezungumza, au umeiba?"

"Nimeiba gari la baba yangu?"

"Si la baba yako. Nimelitoa mimi kwa mkono wangu, na ahadi yake ni kupondwa. Na moshi huu nilishaapa... nilishakusudia mtoto wa watu asiuvute tena."

Akainamisha kichwa juu ya usukani. Nilikuwa na maneno mengi ya dini ya kumwambia. Sijui lililotoka lilitokea wapi.

"Na Ijumaa zangu?"

Akanijibu bado kainamia usukani.

"Ningekuja na nini, mama? Ungemsikia kabla sijakata kona."

Kumbe alikuwa hapa hapa mjini siku zote. Alikuwa akizunguka mtaa wetu kwa mbali, nisije nikasikia kikohozi.

Nilitaka kumshika bega. Mkono ulikuwa umeshafika nusu ya njia nilipoona anakitazama kioo cha juu, na rangi inamtoka usoni.

Nikageuka. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la maji, alikuwa amesimama bwana mwenye fulana ya njano, chaki sikioni, chupa mkononi. Bila shaka alikuwa amekisikia kile kicheko. Hakuwa akilitazama gari. Alikuwa akinitazama mimi, nilivyokaa upande wa abiria. Akamwita askari wa barabarani, akanyoosha kidole.

"Funga mlango, mama," mwanangu akanong'ona. "Upesi."

"Nikifunga tunakwenda wapi?"

"Nyumbani. Kokote. Tutakaa mchana kutwa, mama, nakuomba, funga."

Injini inacheka. Mwanangu kashika gia. Mkaguzi kashavuka nusu ya barabara, mkono juu, anaita kwa sauti ambayo haikuwa na hasira hata kidogo, "Mama! Shuka, mama! Wewe shuka!"

Mlango ule haufungiki kwa pupa. Unauinua kidogo kwanza.

Nilikuwa nimeshauinua.